Sijapona, Lakini Nina Ushuhuda

Majira ya baridi ya mwaka 2015 nilikuwa nafagia kitanda kabla ya kufagia nyumba. Mume wangu alikuwa akitoka gizani kwenda kazini, nami nikishasikia mlango umefungwa naondoa shuka, naipeleka dirishani na kuikung'uta. Magamba meupe yalikuwa yakianguka hadi uani. Kwanza nilichungulia chini kuona kama jirani ameanika nguo. Nilikuwa naficha kitu ambacho hata jina lake sikulijua.

Mimi ni msusi. Nilizaliwa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, nikaja Johannesburg kutafuta maisha kama wengi wa kwetu. Naishi Yeoville, karibu na Rockey Street, mahali ambapo unaweza kununua sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, na kusikia Kiswahili, Lingala na Kifaransa kabla hujasikia Kizulu. Kazi yangu ni vichwa vya watu: rasta, mistari, kushonea nywele za bandia. Mteja hukaa chini yangu saa nne, saa tano, na muda wote huo mikono yangu iko mbele ya macho yake.

Aprili ya mwaka huo wageni walishambuliwa Durban, na ghasia zikafika Johannesburg. Saluni nyingi za wageni zilifungwa. Sisi tulikuwa tunalala na nguo za kutokea, hati zetu zikiwa mfukoni. Ghasia zilipotulia nikashikwa na koo, koo kali la kushindwa kumeza mate, nikanywa dawa za maumivu likapita. Baada ya hapo vikatokea vidoa vidogo kifuani na mgongoni. Vikahamia viwikoni na magotini, vikaingia ndani ya nywele, vikaungana kuwa mabaka mazito. Juu ya kila baka palikuwa na gamba jeupe linalong'aa, na ukilibandua, chini panatokea vitone vya damu.

Kila mtu alikuwa na jina lake. Jirani alisema fangasi. Kliniki ya kwanza nayo ilisema fangasi, wakanipa mafuta, kisha vidonge, na mabaka yakaendelea kukua. Mama yangu kwa simu kutoka Bukavu aliuliza nimemkosea nani, kwa sababu kwake ugonjwa wa kutokea ghafla lazima una mtu nyuma yake. Siku moja mteja aliona kiwiko changu rasta zikiwa zimefika nusu. Alisimama, akalipa nusu, akafunga kitambaa kichwani akaondoka. Mwenye saluni akanitoa kwenye viti vya mbele. Kazi yangu ikawa kufua taulo na kuchambua nywele za bandia. Nyuma ya mgongo wangu nikasikia neno moja: ukoma.

Hofu hiyo ni ya zamani kuliko sisi sote. Katika Biblia, sura ya 13 ya Mambo ya Walawi, kuhani ndiye anayekagua baka na kuamua nani afungiwe nje ya kambi. Ulaya nako, kwa karne nyingi watu wenye ngozi kama yangu walihesabiwa pamoja na wenye ukoma, hadi daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna alipotenganisha kabisa magonjwa hayo mawili mwaka 1841. Hapa Afrika Kusini, kabla kisiwa cha Robben hakijajulikana kwa gereza la Nelson Mandela, kisiwa hicho kilitumika kuwatenga wagonjwa wa ukoma kuanzia 1846 hadi 1931. Kwa hiyo aliyenong'ona nyuma yangu hakulitunga neno hilo, alilirithi.

Nafuu ya kwanza niliipata sokoni. Muuzaji mmoja wa vipodozi aliniangalia, akachomoa tyubu kwenye boksi la krimu za kung'arisha ngozi, akaniambia nipake asubuhi na jioni. Baada ya siku chache mabaka yakalainika, kisha yakafifia. Nilifurahi kupita kiasi. Jumapili nikavaa kitenge kipya, nikapeleka sadaka ya shukrani, nikasimama mbele ya kanisa nikasema Mungu ameniponya. Watu walipiga vigelegele. Mchungaji alikuwa amehubiri habari za Naamani wa Biblia aliyejichovya mara saba katika Yordani akapona ukoma, na mimi nikawa mfano wa mahubiri yake.

Tyubu ilipoisha, ugonjwa ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mabaka yalikuwa mapana zaidi, na ndani ya viwiko ngozi ilikuwa imekonda hadi ikapata michirizi. Ndipo nilipofungika. Nitawaambia nini watu waliokwisha kunipigia vigelegele? Novemba yenye jua kali nilikuwa navaa mikono mirefu kanisani, jasho likinitiririka, ili ushuhuda wangu usionekane uongo. Kwa kadiri nilivyouficha ndivyo nilivyochelewa kutibiwa.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja wa kanisani, mkubwa kwangu, ndiyo maana namwita Yaya, anayefanya usafi hospitalini. Alinikuta bafuni nimekunja mikono ya blauzi. Hakushtuka.

"Mdogo wangu," alisema, "hii naiona kila wiki kwenye kliniki ya ngozi. Haina uchawi. Chukua barua ya kliniki, nitakupeleka mwenyewe. Na siku hiyo usipake mafuta. Daktari anataka kuona."

Tulifika kwenye foleni kabla ya mapambazuko, mimi na hati yangu ya ukimbizi. Najua wengi wa kwetu wanaogopa milango ya hospitali za umma, na wana sababu. Miaka ya karibuni makundi yanayopinga wageni yamesimama kwenye milango ya baadhi ya kliniki na kuwafukuza wasio na kitambulisho cha nchi. Lakini kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na Novemba 2025 Mahakama Kuu jijini Johannesburg ililikataza kundi la Operation Dudula kuwazuia wageni kutibiwa. Nenda na karatasi zako, na usiende peke yako.

Daktari alianza na kipande cha pamba. Alinigusa nacho juu ya baka nikiwa nimefumba macho, akauliza kama nasikia. Nilisikia. Baka la ukoma huwa na ganzi, alisema, na langu linawasha na kuuma. Akaangalia kucha zangu, akanionyesha vishimo vidogo ambavyo sikuwahi kuvijali. Akaangalia kichwa, nyuma ya masikio, hata kitovu. Akauliza kama koo liliniuma kabla ya vidoa, kama nameza dawa za presha, kama viungo vinakakamaa asubuhi. Akakata kipande kidogo cha ngozi kwenda kupimwa, kisha akaomba nipime virusi vya UKIMWI. Katika nchi yenye karibu watu milioni 8 wanaoishi na virusi hivyo, ugonjwa huu ukija ghafla na kwa ukali madaktari hutaka kujua, kwa sababu virusi vinaweza kuuchochea. Nilisubiri majibu magoti yakitetemeka. Sikuwa navyo. Na hata ningekuwa navyo, daktari alisema, dawa zipo, na mara nyingi ngozi nayo hupata nafuu mgonjwa akianza kuzimeza.

Ugonjwa wangu unaitwa soriasisi. Yaya alinitafsiria maelezo ya daktari sentensi kwa sentensi. Kwa kawaida ngozi hujijenga upya kwa muda wa kama mwezi mmoja: chembe huzaliwa chini, hupanda taratibu, hukomaa, hudondoka bila kuonekana. Kwangu mimi safari hiyo huchukua siku chache tu, kwa sababu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imepewa ishara isiyo sahihi na inaishambulia ngozi yenyewe. Chembe zinatoka kama mikate inayotolewa kwenye tanuri kabla haijaiva, zinarundikana, na rundo hilo ndilo gamba. Uvimbe ulio chini ndio unaoleta joto, muwasho na maumivu. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kugusana, kwa kitana, kwa taulo, wala kwa ndoa.

Mwelekeo wa kuupata huzaliwa nao, kisha kitu huuamsha. Maambukizi ya koo ni mojawapo. Hofu na msongo wa mawazo pia, pombe, sigara, na baadhi ya dawa kama klorokwini na aina fulani za dawa za presha. Jeraha nalo huamsha: mwaka 1872 daktari Heinrich Koebner alieleza kwamba mgonjwa wa soriasisi akikwaruzwa au kuungua, baka linaweza kuota palepale. Daktari alisema pia kwamba sisi wa Afrika Mashariki tunaupata zaidi kuliko watu wa Afrika Magharibi, na kwamba kwenye ngozi nyeusi hauonekani mwekundu kama vitabu vya Ulaya vinavyouchora. Unaonekana wa zambarau, wa kahawia iliyokolea au wa kijivu, ndiyo maana mara nyingi hudhaniwa fangasi. Usiku ule nikampigia mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema babu yake alikuwa na viwiko vya namna hiyo hadi alipokufa. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena nani ameniroga.

Kisha daktari alisema lile nililokuwa naliogopa: hauna dawa ya kuumaliza. Unatulizwa. Mei 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio linalosema hivyo hivyo, kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na wa kuharibu sura, usio na tiba ya kuuondoa moja kwa moja. Nililia pale pale kwenye kiti. Nililia kwa ajili ya ushuhuda wangu.

Lakini ugonjwa usioisha si ugonjwa usiotibika, na hilo nililijua taratibu. Kwanza nilibadilisha sabuni. Wauguzi wa hapa hutoa mafuta mazito meupe wanayoyaita UE, ambayo unaogea badala ya sabuni, kisha unajipaka tena mwili ukiwa bado na unyevu. Nikapewa mafuta ya steroidi. Ajabu ni kwamba hata ile tyubu ya sokoni ilikuwa na steroidi, kwa maelezo ya daktari, ya aina kali sana iitwayo klobetasoli. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 1990, lakini krimu hizo bado zinauzwa mtaani. Dawa hiyohiyo daktari huiandika, ila kwa mahali maalumu, kwa wiki zinazohesabika, kisha unapunguza polepole. Nilifundishwa hata kipimo: mafuta yanayoenea kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza yanatosha eneo la viganja viwili. Kichwani nilipaka mchanganyiko wa lami ya makaa ya mawe na asidi ya salisili, unaonuka kama barabara mpya, nikalala nimefunga kofia ya plastiki. Mume wangu alisema kwa harufu ile hata mwizi hataingia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tucheke kitandani.

Mabaka ya mwili yalipokataa, daktari aliuliza kama natarajia kuzaa tena. Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu dawa ya vidonge aliyokuwa anaifikiria, methotreksati, huharibu mimba. Tulitaka mtoto mmoja zaidi, kwa hiyo tukachagua tiba ya mwanga. Unaingia uchi ndani ya kabati lenye taa ndefu pande zote, umevaa miwani ya giza, unamulikwa kwa mwanga maalumu uliopimwa. Mwanzoni ni sekunde tu, kisha wanaongeza. Inafanya kazi vizuri. Gharama yake ni muda: mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi, nauli ya teksi kwenda na kurudi, na kila asubuhi ya hospitali ni mteja aliyesukwa na mwingine. Nimeona wengi wakiacha katikati, si kwa sababu haisaidii, bali kwa sababu nauli imeisha. Mimi nilibadilisha saluni, nikaanza kusuka jioni na mwisho wa wiki.

Mtoto alizaliwa salama. Alipokuwa ameanza kutembea, kidole changu cha kati kilivimba chote, kuanzia shina hadi ncha, na asubuhi mikono ilikuwa inakataa kukunjika. Nilidhani ni kazi, kwani msusi gani haumwi vidole? Daktari alinikumbusha swali la siku ya kwanza. Soriasisi huingia kwenye viungo kwa hadi theluthi moja ya wagonjwa, na ukiacha, viungo huharibika bila kurudi. Vidole vyangu ndivyo mkate wa nyumba yangu. Nikaanza methotreksati, ambayo inatuliza ngozi na viungo kwa pamoja, na sheria zake nimezibandika kwenye mlango wa kabati. Inamezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, kamwe si kila siku, kwa maana wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku bila kuelewa. Foliki asidi siku tofauti. Pombe hapana. Uzazi wa mpango lazima. Damu inapimwa kila baada ya muda, kuangalia ini na chembe za damu. Na tangu moto ulipofunga hospitali ya Charlotte Maxeke Aprili 16, 2021, nikaona wagonjwa wa mji huu wakihamishwa huku na kule, majibu yangu yote nayaweka nakala nyumbani.

Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua karibu hainyeshi kabisa, hewa inakauka hadi midomo inapasuka, na hiyo ndiyo miezi yangu migumu. Sasa najiandaa Mei. Naweka akiba ya mafuta, na ndoo za maji, maana bomba la mji huu halitabiriki na mimi siwezi kulala bila kuoga. Hita siiweki karibu na kitanda. Saa nne asubuhi natoka kibarazani, nakunja mikono ya nguo, naota jua kidogo, kisha narudi ndani kabla halijanichoma, kwa sababu kuungua nako huleta mabaka. Koo likiuma siku hizi sinyamazi nalo, naenda kliniki.

Kazini nasema mwenyewe kabla sijaulizwa. "Dada, mkononi hapa ni soriasisi, haiambukizi. Ukitaka mwenzangu akusuke, sitakasirika." Wachache huhama, wengi hukaa. Na kwa kuwa natazama vichwa kutwa nzima, nimeona mabaka kama yangu chini ya rasta za wanawake waliokuwa wameambiwa ni mba au mapunye. Nawasuka bila kuvuta, nawaambia waache dawa za kulainisha nywele kwa muda, nawaelekeza wakapimwe. Mmoja alinishika mkono akalia kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Baada ya miaka hiyo yote nilimwomba mchungaji nafasi ya kushuhudia. Nilipanda na blauzi ya mikono mifupi. Nikasema: mlinipigia vigelegele nikisema nimepona. Ugonjwa ulirudi. Nilikuwa nauficha kwa sababu yenu. Sijapona, na daktari ameniambia huenda nikazeeka nao, lakini nalala, nafanya kazi, namlea mwanangu, na Ijumaa nameza dawa yangu. Nikawakumbusha kuwa Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na hakuna anayesema Paulo hakuwa na imani. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Mchungaji alisema "amina", na wengine wakafuata kwa sauti ya chini.

Ibada ilipokwisha watu walinifuata mmoja mmoja nje ya mlango. Baba mmoja alikuwa ameacha vidonge vya presha tangu aombewe. Mama mmoja alikuwa anachoma insulini chooni ili watoto wasimwone. Mwingine aliniambia kwa sikio dawa aliyoiacha, na sitaitaja hapa, ila wiki iliyofuata nilikwenda naye kliniki. Wote walikuwa wameshuhudia uponyaji, na wote walikuwa wamenaswa na maneno yao kama nilivyonaswa mimi.

Ndiyo maana nimekubali kuandikwa. Kwako uliye na baka lisilokwisha kwa mafuta ya fangasi: omba barua ya daktari wa ngozi. Ukiwa Tanzania au jirani, fahamu kwamba Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Na kwenu wachungaji, mashehe na viongozi wa maombi: msiwape nafasi waliopona peke yao. Mgonjwa akijua kwamba mbele ya watu hukaribishwa aliyepona tu, atatupa vidonge vyake ili naye akaribishwe. Jumapili moja kwa mwezi, mwiteni anayeishi na sukari, presha, virusi au ngozi kama yangu, aeleze dawa anayomeza na anavyoishi nayo. Kisha mpigieni vigelegele kama mlivyonipigia mimi siku ile ya kwanza.